Namba Iliyobaki Kwenye Bango

"Kimya, hili bango umelitoa wapi?"

Fundi Kompyuta, anayetukatia herufi kwa mashine, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anatazama sakafuni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya turubai la bluu, mkono mmoja una wembe, mwingine una kitambaa chenye mafuta ya taa. Tangu asubuhi nilikuwa nakwangua gundi iliyoganda vumbi. Magoti yalikuwa yanawaka moto.

"Ni la Kunguru," nikasema. "Lilikuwa limefunika tangi lake la maji."

"Anajua umelichukua?"

"Nataka kumshtukiza akirudi."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Bibi harusi anasugua bango lake mwenyewe! Haya mimi sijawahi kuyaona."

Harusi yetu ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Bosi wetu, mama mmoja ambaye kila tone la gundi kwenye karakana yetu ya mabango analijua, alikuwa ametupa zawadi: stika nyekundu na kazi ya kukata herufi bure. Turubai tujitafutie wenyewe. Herufi zilikuwa tayari kwenye boksi langu, KARIBUNI HARUSINI, mabaki ya stika yanayozizunguka niliyang'oa mimi mwenyewe kwa kibanio, moja moja, siku tatu. Kunguru alikuwa safarini anafunga mabango mji wa pili. Nikakumbuka turubai lile juu ya tangi lake, upande mweupe ukiwa nje. Kila nikiligusa alikuwa ananiambia, "Achana nalo, limechakaa." Nikaona limechakaa kidogo tu. Mtu wa kazi hii hatupi turubai lenye pete zote za kupitishia kamba.

Nikamwaga maji ya sabuni, nikasukuma uchafu kwa plastiki ile tunayosukumia stika. Rangi ikaanza kutokea. Na kivuli nacho kikaanza kutokea.

Kivuli ni jina letu la karakanani. Bango likikaa juani muda mrefu, jua linakula rangi yote isipokuwa pale stika ilipofunika. Ukibandua herufi, pale chini zinabaki herufi zile zile, mbichi kama siku ya kwanza. Kuzifuta haiwezekani. Watu wengi hawajui. Wanabandua stika wanadhani wamemaliza.

"Subiri, subiri," Fundi Kompyuta akasema, akainama. "MAMA PACHA NA BABA PACHA. Vitabu, madaftari, vifaa vya shule. Ha! Jamani, mtu na mkewe. Na namba zao mbili hizi hapa."

Mimi shule niliacha darasa la tano. Herufi nazijua kwa mikono kuliko kwa macho, zikikaa nyingi pamoja nachelewa kidogo. Lakini namba sichelewi. Namba ya juu sikuijua. Ya chini niliijua tangu tarakimu ya kwanza, kwa sababu naipiga kila siku, asubuhi na jioni. Inaishia na saba, tatu, tatu, sita.

Baba Pacha alikuwa Kunguru.

"Mbona umeganda?" Fundi Kompyuta akauliza.

"Magoti," nikasema.

Nikalikunja bango.

*

Kunguru tulimpa jina hilo kwa sababu kutwa alikuwa juu ya nguzo. Yeye ndiye mfungaji wetu wa mabango, na mimi ndiye ninayemshikia ngazi. Bosi ana sheria moja tu asiyoirudia mara mbili: aliyeshika ngazi haondoki mpaka aliye juu aguse chini. Simu iite, mvua inyeshe, mama yako apite. Kuna mtu aliwahi kuachia ngazi ajibu ujumbe, na mwenzake mpaka leo anatembea kwa upande mmoja.

Basi nilishika ngazi mwaka mzima. Mimi ni mtu wa aibu, nikitazamwa usoni maneno yananikimbia. Kunguru alikuwa anaongea akiwa juu, hanitazami, na mimi simuoni. Nilimpenda nikitazama soli za viatu vyake.

"Kimya!" alikuwa anasema kutoka juu. "Naona mwanamume anamkimbiza kuku. Kuku anaongoza mbili bila!"

Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika. Siku aliyoniambia anataka kunioa alikuwa mita sita juu, mdomoni ana kamba.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

Akatoa kamba mdomoni. "Nimesema nikishuka nataka jibu."

Aliposhuka nikashindwa kuongea. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Sasa nikiwa nimekaa nyuma ya karakana, kwenye mabomba ya karatasi ambayo stika huja imevingirishwa, nikamwandikia ujumbe. Nilichukua muda mrefu.

"Umeshawahi kuoa?"

Jibu likaja haraka.

"Maswali gani tena hayo mpenzi wangu. Nipo juu ya nguzo. Tutaongea."

Nikapiga ile namba nyingine. Ikaita mara moja, nikakata. Nikapiga tena, nikakata. Mara simu yangu ikaita yenyewe, karibu niiangushe.

"Wewe ndiye unanibipu?" Sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Kama ni madaftari, sema unataka mangapi. Usinibipu, mimi si mchumba wako."

"Samahani, dada. Namba yako nimeiona kwenye bango."

"Bango lipi? Sina bango mimi."

"La bluu."

Nikasikia watoto wanagombana nyuma yake, kisha mlango ukafungwa.

"Kona moja imeungua pasi?" akauliza taratibu.

Nilikuwa nimeipapasa kona hiyo asubuhi ile ile. "Ndiyo."

"Kwa hiyo yuko hai."

"Yuko hai."

"Anakula?"

"Anakula."

"Amenenepa?"

"Kidogo."

"Mungu anisamehe, nilikuwa naomba asinenepe." Akashusha pumzi. "Unajua alivyoondoka? Alipanda akalifungua bango dukani kwangu, akasema limefifia, anakwenda kuliwekea herufi mpya, atarudi jioni. Nikamwambia apitie chumvi. Miaka miwili sasa, na nikimpigia naambiwa hapatikani. Watoto wakiniuliza nilikuwa nasema baba yuko kwenye foleni. Siku hizi hawaulizi."

Nikasema, "Pole, dada."

"Pole iweke. Wewe ni nani wake?"

Nikatazama kidole changu chenye gundi.

"Si nakuuliza? Ni nani wake?"

"Tunaoana Jumamosi."

Nilingoja matusi. Nilijua nastahili hata kama sikujua kwa nini. Mama Pacha hakutukana.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa."

"Vizuri, endelea kukaa. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Ningekuwa na nguvu ningekutukana kidogo, halafu tungeendelea. Sikiliza. Simtaki kwa nguvu. Lakini siwezi kuwa mke wa mtu aliyetoka kubadilisha herufi. Nataka anitazame aseme anarudi au ananiacha. Basi. Nielekeze, kesho naja."

"Dada, nipe mpaka Alhamisi."

"Ya nini?"

"Nataka aseme mwenyewe."

"Mimi nilimpa miaka miwili."

"Siku tatu tu, dada yangu."

Nikamwelekeza karakana, nikamwambia akifika aulize Kimya. Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Unampenda, ee? Haya. Alhamisi. Na bango langu lisiguswe."

*

Nyumbani Mama alikuwa amenyoosha miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yangu anafulia watu nguo. Miguu yake ikifika jioni inakuwa kama si yake. Kunguru alikuwa ameahidi kwamba tukioana Mama atahamia kwetu, aache kufua. Mama alishawaambia wateja wake wawili watafute mtu mwingine.

Nikamweleza yote. Alisikiliza macho yamefumbwa.

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Usingeliosha hilo turubai ungejua?"

"Nisingejua."

"Basi fanya hukuliosha."

"Mama."

"Mama nini? Wanaume wenye wake wawili hawapo?"

"Wapo. Lakini wanasema."

Akafumbua macho, akaitazama miguu yake muda mrefu. "Nimechoka, mwanangu. Ndiyo maana naongea hivi. Mtu akichoka anaongea ovyo."

Nikamkanda miguu. Nilisikia anavyohesabu kichwani wateja wa kuwarudia.

*

Jumanne mchana simu ikaita.

"Kimya, nimerudi! Lakini wezi wamenipitia. Turubai langu la tangini halipo."

"Nimelichukua mimi."

"La nini?"

"La bango letu la harusi. Nimeliosha."

"Limetakata?"

"Limetakata sana."

Dakika kumi hazikupita, akawa amefika karakanani, anahema, mkononi ana viatu vipya vya Mama vya kuingiza tu mguu, laini. "Vya mama mkwe," akasema. "Miguu yake ipumzike." Ndivyo alivyokuwa. Angekuwa mtu mbaya moja kwa moja kazi yangu ingekuwa rahisi.

Nikamfungulia bango. Akalitazama mara moja, akatazama dari.

"Ahaa. Hili niliokota. Kule nilikotoka, lilikuwa limetupwa."

"Na namba yako?"

"Ipi?"

Nikaigusa kwa kidole. Saba, tatu, tatu, sita.

Akajikuna kichwa. "Laini hii nilinunua kwa mtu. Kumbe ndiye huyo! Dunia ndogo hii."

"Ukaokota bango la mtu, halafu ukanunua laini ya mtu yule yule?"

"Ndiyo maana nasema dunia ndogo!" Akacheka, akanishika mkono. "Kimya. Nitazame. Unaniamini?"

Mtu akikuuliza hivyo na mkono wake una joto, na Jumamosi iko karibu, na mama yako ameshawaaga wateja, unataka sana kuamini. Nilitaka. Kwa muda mfupi nilikuwa tayari kuamini kwamba dunia ni ndogo kiasi hicho.

"Nimekusikia," nikasema.

Jumatano tulikwenda kufunga bango la duka la dawa. Nikashika ngazi. Aliongea juu kama kawaida, kuhusu mbuzi aliyepanda juu ya gari, kuhusu dereva aliyekuwa anambembeleza mbuzi ashuke. Sikucheka.

"Kunguru," nikaita.

"Naam, mke wangu mtarajiwa."

"Ukiwa huko juu unaona mbali?"

"Mbali sana."

"Ulikotoka unakuona?"

Kamba ikaacha kuvutwa. Nikaona soli za viatu vyake zinageuka kidogo, kama anataka kutazama chini.

"Kama kuna jambo, niambie," nikasema. "Sitapiga kelele. Unajua mimi sipigi kelele. Hata liwe kubwa, nitalisikiliza. Lakini uniambie wewe, leo."

Alikaa. Nilihesabu mpaka kumi na nne. Nilikuwa naomba moyoni. Nilishajua jibu langu: akisema, ningemsubiri amalize mambo yake na mkewe, hata mwaka.

"Hakuna jambo, mpenzi," akasema. "Nipo juu, usinivuruge."

*

Alhamisi tulikuwa na kazi kubwa hapo hapo mbele ya karakana, ng'ambo ya barabara: bango la mita nane la duka la samani, ghorofa ya kwanza. Herufi tulibandika siku mbili, mimi napuliza maji ya sabuni, Bosi anasukuma na plastiki, tunafukuza malengelenge ya hewa mpaka stika ikalala kama ngozi. Saa nne Kunguru alikuwa juu anafunga kona ya mwisho.

Nikawaona wanakuja. Mwanamke mfupi, begi begani, anatembea kama mtu anayejua soli za viatu vyake zinakaribia kuisha. Wasichana wawili wa miaka sita au saba, sura moja, mmoja ana pengo. Akasimama, akanitazama nilivyoshika ngazi kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Kimya?"

"Ndiyo, dada."

Akatazama juu. Hakupaza sauti. "Baba Pacha."

Ngazi ikatikisika mikononi mwangu.

"Mama," yule mwenye pengo akauliza, "baba ni yupi?"

"Ni huyo aliye juu."

"Mbona hashuki?"

"Muulize."

Mtoto akaweka mikono mdomoni. "Baba! Mbona hushuki?"

Kunguru akakumbatia nguzo. "Kuna upepo!" akasema. "Siwezi kushuka, kuna upepo!"

Bango lilikuwa limetulia kama ukuta. Muuza samani akatoka dukani. Fundi Kompyuta akavuka barabara na chai yake. Mtu wa baiskeli akasimama, akainua uso, akasema, "Upepo uko wapi?"

"Mwache," Mama Pacha akasema. Akaketi kwenye ndoo yetu ya pete. "Miaka miwili nimesubiri. Upepo hautanishinda."

Bosi akaja, mikono kiunoni, akamtazama mama, akawatazama watoto, akanitazama mimi. Bosi si mtu wa kueleweshwa.

"Fundi Kompyuta," akasema. "Wapeleke watoto ndani, wape vipande vya stika wachague rangi."

"Mimi? Nina kazi ya…"

"Wapeleke."

Watoto wakaenda. Kunguru akaanza kuongea kwa sauti ya chini, ya kwetu sisi wawili, ile aliyokuwa ananiongelea siku zote kutoka juu.

"Kimya. Kimya wangu. Waambie huyu mama amenifananisha. Wewe ukisema watakuamini, kila mtu anajua husemi uongo."

"Shuka."

"Nikishuka utaniacha?"

"Shuka kwanza."

"Nijibu kwanza."

Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa nimeshika ngazi ile tangu saa mbili. Nikamwambia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu watu wote walinisikia, "Siachii ukiwa juu. Shuka, nimekushikia."

Akashuka. Kipago kimoja, anasimama. Kingine, anasimama. Niliziona soli zile zinakuja, nikaona visigino, nikaona kiraka cha suruali nilichokishona mwenyewe. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba mwanamume huyu alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Nilimshikia mpaka mguu wa mwisho ukagusa chini. Kisha nikaachia.

Akasimama katikati yetu. Hakuwa na pa kutazama.

"Mama Pacha," akasema.

"Naam."

"Nilikwenda kweli kubadilisha herufi. Sikusema uongo siku ile."

"Ehe."

"Fundi akaniambia nisubiri kwa saa mbili. Nikakaa. Hakuna aliyeniita Baba Pacha saa mbili nzima. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikapumua. Nikasema nikae kidogo tena, nipumue. Nikabandua herufi mwenyewe, nikaifungia namba yako simuni. Halafu kila siku ikawa ngumu zaidi kurudi kuliko ya jana yake."

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atalia, hakulia. "Na mimi nilikuwa nataka kupumua," akasema. "Nilikuwa nakusubiri urudi na chumvi ndiyo nipumue."

Muuza samani akajifanya anapangusa meza.

"Sasa sema. Unarudi au unaniacha?"

"Nipe muda nifikirie."

"Muda umeshauchukua. Jumapili kaka zangu watakuwa nyumbani. Njoo utamke mbele yao, uniache kwa heshima, na uwatazame wanao. Usipokuja watakuja wao. Na kaka zangu hawasubiri mtu ashuke ngazi. Wanaiangusha."

Kunguru akanigeukia. "Kimya?"

"Jana nilikuuliza," nikasema.

"Niliogopa."

"Mimi naogopa kila siku. Hata sasa hivi."

Akangoja, akaona sina kingine, akaenda akaketi ukingo wa barabara na kofia yake mapajani. Viatu vya Mama vilikuwa kwenye mfuko wangu. Nikavitoa, nikamwekea karibu yake. Nikavuka barabara kwa haraka, kwa sababu hapo ndipo machozi yalikuja na sikutaka wayaone.

*

Ndani, watoto walikuwa wamebandika nyota za njano mpaka kwenye masikio ya Fundi Kompyuta.

"Wamenishinda nguvu," akasema. Hakutania zaidi. Akanipa kitambaa cha kufutia turubai, kilikuwa safi.

Mama Pacha akaingia, akaliona bango lake limetandazwa mezani. Akapapasa kona iliyoungua. "Pasi hii niliiangusha nikicheka," akasema. "Alikuwa ananichekesha. Anachekesha sana, au siyo?"

"Anachekesha, dada."

"Ndiyo ubaya wake." Akaanza kulikunja.

"Usilikunje," nikasema. "Nikubandikie herufi. Jina lako likikaa juu ya kivuli chake, litakaa sawasawa, hakitaonekana kitu."

Akamtazama Bosi. Bosi akaangalia pembeni, akasema, "Stika ya zawadi ipo. Nilishaitoa, sirudishi stoo."

Fundi Kompyuta akapima kivuli, mashine ikakata MAMA PACHA kwa ukubwa ule ule. Nikang'oa mabaki. Tukapiga magoti wawili, Mama Pacha akipuliza maji ya sabuni, mimi nasukuma na plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Herufi zikalala juu ya vivuli vyake, moja moja, zikavimeza. Namba yake vilevile, na mstari wa vitabu na madaftari.

Ikabaki NA BABA PACHA, bluu mbichi, na namba ile ninayoijua.

"Hapa nifunike na nini?" nikauliza.

Alikaa juu ya visigino vyake. Mikono ilikuwa na povu. Nje magari yalikuwa yanapita, na mtoto mmoja alikuwa anahesabu nyota.

"Watu wanapita dukani wanadhani nimefunga," akasema. "Weka TUMEFUNGUA. Herufi nene."

Nikafungua boksi langu. KARIBUNI HARUSINI ilikuwa imelala humo kwenye karatasi yake, haijaguswa. Nilitoa U mbili, N moja na A moja. Zilizopungua Fundi Kompyuta akanikatia, nyekundu ile ile. Mama Pacha aliona nilipozitoa. Alipuliza maji pale nilipoelekeza, akashika kona isijikunje.

Neno lilikuwa refu na mabega yangu yalikuwa yameisha. Kwenye G kulitokea lengelenge, nikalitoboa kwa sindano, nikalisukuma mpaka pembeni likatoka. Namba ya chini nikaifunika kwa utepe mwekundu. Saba ikaenda, tatu, tatu, sita.

Waliondoka saa kumi, bango limevingirishwa begani kwake, watoto wanashika ncha ya nyuma kama wamebeba ngazi.

Jumamosi nilikuwa nyumbani. Mama aliniambia nilale, nikalala mpaka jua likaingia mlangoni. Nikaamka nikamsaidia kufua. Alikuwa amewarudia wateja wote wawili, mmoja alikubali. Mchana simu ikaleta ujumbe kutoka namba ninayoijua.

"Kimya nisamehe. Kesho naenda kwao kuzungumza. Nipo chini sasa."

Nikausoma polepole, mara mbili. Nikaweka simu kwenye kiti, nikaendelea kukamua shuka, Mama ncha ile, mimi ncha hii.

Ikaita tena. Picha: duka dogo, bango la bluu juu ya mlango, limevutwa vizuri kila pete, na watoto wawili wamesimama chini yake. Chini ya picha Mama Pacha alikuwa ameandika:

"Nimepanda mwenyewe. Mkubwa wa mapacha ndiye kashika ngazi. Wateja sita tangu asubuhi, wote wananiuliza nilikuwa wapi."

Nikamwonyesha Mama. Aliinamia simu, mikono ina povu, akasoma kwa sauti neno lile jekundu, akalirudia.

"Herufi zimenyooka," akasema.